Je, tiba ya methadoni iwekewe ukomo wa miaka?

Ndugu wasomaji, naomba tujadili suala linalozua ubishi kila linapotajwa: iwapo mraibu wa heroini anayetibiwa kwa methadoni apewe muda maalumu, tuseme miaka miwili, kisha aachishwe dawa hata kama yeye na daktari wake hawajaona kwamba wakati umefika. Wanaotaka ukomo wana hoja mbili. Wanasema methadoni ni kuhama kilevi kimoja na kuingia kingine kwa fedha za umma, na kwamba mtu anayelazimika kufika kituoni kila siku hawezi kushika ajira wala kusafiri kwenda kuzika. Hoja ya pili ina uzito na nitaifikia, lakini ya kwanza naipinga kabisa.

Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, na ndiyo maana mtumiaji hushinda akihangaika kati ya kete na arosto, yaani kutetemeka, kuharisha, mifupa kuuma na usingizi kupotea. Methadoni hugusa sehemu zilezile za ubongo, ila huingia taratibu na kukaa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja iliyopimwa vizuri humtuliza mtu hadi kesho yake bila kumlewesha. Ni kweli kwamba mwili huizoea, na anayeikatisha ghafla huugua. Hata hivyo, mwili kuzoea dawa ni jambo moja, na uraibu ni jambo jingine. Uraibu niliuona siku mdogo wangu alipomwaga maharage yaliyokuwa yakichemka jikoni kwa mama, akaondoka na sufuria kwenda kuiuza.

Alipoanza tiba nilikuwa nikimsindikiza. Muuguzi alimpa dawa ya maji katika kikombe cha plastiki, akainywa palepale dirishani, akasuuza kikombe kwa maji na kuyanywa pia, kisha akatakiwa kutaja jina lake ili ionekane kwamba amemeza. Dozi ilianza chini na kupandishwa polepole, kwa sababu dawa hii hujikusanya mwilini na wiki za mwanzo ndizo zenye hatari, hasa kwa anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Mwaka wa tatu alikuwa fundi seremala mwenye wateja wake. Hapo ndipo sisi ndugu, mimi nikiwa mbele, tulipomwambia kwamba sasa inatosha. Akaomba apunguziwe haraka, akaacha, na miezi miwili baadaye akarudia kete kwa kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani, wakati mwili wake haukuwa tena na uwezo wa kukihimili. Tulimkuta bafuni akikoroma, midomo imekuwa ya bluu. Jirani alimkimbiza hospitalini kwa bajaji, akachomwa sindano ya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, akazinduka. Ushauri ule ulikuwa wangu, na sitaki familia nyingine iupewe kama kanuni ya nchi.

Tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, katika orodha yake ya dawa muhimu, na kwetu Tanzania Bara tiba hii ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Sisemi kwamba kila mtu ainywe maisha yake yote. Wapo wanaopunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi na kuacha salama, na nyumba za upataji nafuu, ambazo Zanzibar zimewasaidia wengi, huwapa wenzao wa safari na ushauri nasaha. Ninachokataa ni kalenda kufanya kazi ya daktari.

Sasa nirudi kwenye hoja ya pili. Kufika dirishani kila asubuhi ni mzigo halisi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi hula kipato cha kibarua, na wapo wanaokatisha tiba kwa sababu hiyo tu. Lakini dawa ya umbali ni kusogeza huduma. Hospitali nyingi zaidi za wilaya zipewe dirisha la methadoni, na mgonjwa aliyetulia kwa muda mrefu aruhusiwe kubeba dozi za siku chache nyumbani katika kisanduku chenye kufuli, kwa kuwa kikombe kimoja kinaweza kumuua mtoto. Buprenofini nayo ipatikane kwa upana zaidi, maana ni vigumu zaidi kwa dawa hiyo peke yake kumzimisha mtu pumzi. Hofu kwamba baadhi watauza dozi zao naielewa, na ndiyo sababu nasema wapewe waliotulia tu, kwa uangalizi wa kituo.

Kwa hiyo namuuliza anayependekeza miaka miwili: mgonjwa akishafutwa kwenye daftari la kituo, akaamka saa kumi alfajiri na arosto, aende kugonga mlango gani?