Niuze kiwanja nikasomee urubani, au nitulie na kazi yangu? Naombeni ushauri

Mtoto wa Ilemela
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, shahada ya umeme, nafanya kazi kampuni ya minara ya simu hapa Mwanza. Makato yakishatoka nabaki na laki tisa na kitu. Nimekulia kwenye njia ya ndege zinazotua. Tangu darasa la tatu naijua Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kwa mlio tu, sihitaji hata kutoka nje.

Marehemu baba aliniachia kiwanja Buswelu na kuna mtu ametoa milioni 80 keshi. Baba mdogo anaongezea 25. Shule moja nje ya nchi imenipa makadirio ya dola 48,000, miezi 16 hadi 18, kuanzia sifuri mpaka leseni ya urubani wa biashara, na humo humo kurusha ndege ya injini mbili na kuruka kwa kufuata vyombo tu, bila kuona nje. Ukilipa yote kwa mkupuo wanapunguza asilimia 10, na kusema kweli bila hilo punguzo hela yangu haifiki. Ofa inaisha mwisho wa mwezi.

Mama hataki kusikia. Tangu ndege ilipoangukia ziwani Bukoba Novemba 2022, nikitaja urubani anaondoka sebuleni. Mimi kuanguka siogopi, naogopa kurudi na leseni halafu nikae kijiweni. Niuze?

Bwana Kahawa Chungu
Uza mkuu, kiwanja hakiruki. Ukianza kazi usitusahau tiketi za bure.

Fundi wa Hanga
Huyo hapo juu mwacheni na kahawa yake.

Mdogo wangu, kabla hujauza hata tofali, nenda kapime afya. Rubani wa biashara anatakiwa awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na wanaopima ni madaktari walioidhinishwa na TCAA, ile Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si zahanati yoyote ya mtaani. Moyo, masikio, macho, mkojo, vyote vinaangaliwa. Kuna kile kitabu cha vidoadoa vya rangi, unafunguliwa ukurasa unaulizwa unaona namba gani. Nilimfahamu kijana aliyeshalipa ada na kununua hadi miwani ya jua ya kirubani. Alipofunguliwa kitabu akaona vidoa tu. Miaka yote hiyo hajui kwamba nyekundu na kijani vinamchanganya! Shule ilimrudishia sehemu ya hela, tena baada ya kusumbuana sana.

Mama Ebby
Naongezea la mkupuo. Kaka yangu alilipa yote kwa sababu ya punguzo kama hilo hilo. Shule siitaji. Kwenye picha ndege zilikuwa nne, alipofika inayoruka ni moja, nyingine zinasubiri vipuri. Wanafunzi wako foleni, mvua ikinyesha siku imepotea, mkufunzi naye akapata kazi kwingine akaondoka. Miezi 18 ikawa miaka mitatu, na muda wote huo kodi ya chumba, chakula na viza tunatuma sisi. Leseni aliipata, namshukuru Mungu, ila mama alishauza hadi ng'ombe. Ukishalipa yote huna tena cha kuwabania.

Keptini wa Vumbi
Dogo, narusha Caravan mbugani, nakupa ya huku ninakokujua.

Kanuni za kimataifa zinataka saa 200 za kuruka ili upate leseni ya biashara, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa bila kukatisha. Shule nyingi zinapiga bei kwa hizo saa za chini kabisa. Darasani kwetu hakuna aliyemaliza kwa kiwango hicho. Mimi nilizidisha saa 23, kila moja kutoka mfukoni. Kwa hiyo waulize: dola 48,000 ni za saa ngapi? Ada za mitihani zimo? Nikifeli nikarudia? Na ukirudi na leseni ya nje, kuna kuibadilisha TCAA, huko nako kuna mtihani wa sheria za anga na malipo yake.

Sasa hofu yako ya kijiweni. Ni ya kweli. Mwenye saa 200 ni kama dereva aliyetoka kuchukua leseni jana akaomba basi la Mwanza–Dar. Kampuni inaweza kukupenda, lakini bima yake inataka saa nyingi zaidi ya hizo. Nilikaa miezi 14. Nilijibanza kwenye kampuni moja Arusha, saa kumi na mbili asubuhi niko uwanjani na mzani. Mgeni ameambiwa kilo 15 kwenye begi laini, anakuja na sanduku gumu la kilo 26, unabishana naye kwa tabasamu. Mshahara hakuna, nauli tu. Rubani msaidizi mmoja alipohamia kampuni kubwa, keptini mkuu aliniuliza jambo moja: leseni yako iko hai? Ilikuwa hai, kwa sababu dada yangu alinikopesha hela ya kupima afya na ya kuruka saa chache. Wenzangu wawili zao zilikuwa zimeshalala.

Halafu 2020 korona ikatushusha wote. Nikauza mkaa, sioni aibu.

Raha yake sikufichi. Asubuhi ile unapita chini juu ya uwanja wa vumbi kufukuza nyumbu, unazunguka, unarudi kutua wanakutazama kama wewe ndiye mvamizi. Ila bajeti yako isiishie kwenye ada. Weka ada, saa za ziada, na mwaka mzima wa kuishi bila mshahara. Kwa milioni 105 hiyo hesabu haikai.

Mtoto wa Ilemela
Keptini, shikamoo. Je, nikisoma karibu? Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson, au Soroti Uganda?

Keptini wa Vumbi
Marahaba. Wilson shule zipo kadhaa, na Soroti ni chuo cha tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Hata NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar, kaulize wamefikia wapi na mafunzo ya urubani. Faida ya karibu ni kwamba unapanda basi, unakaa siku mbili uwanjani, unahesabu kwa macho yako ndege ngapi zinaruka. Uliza wanafunzi, usiulize ofisi. Na anza na leseni ya rubani binafsi, saa 40 hivi, unalipia kidogo kidogo. Ukifika hapo utajijua kama unatapika au unacheka.

Fundi wa Hanga
Na kazi ya minara usiache kwanza. Mtu wa umeme hangani, kwenye karakana ya ndege, tunamtafuta kwa tochi. Wapo walioingilia mlango wa mafundi wakaishia mbele kwenye usukani.

Mtoto wa Ilemela
Nimewasoma wote. Nimeomba likizo ya siku kumi: nakwenda Dar kupima, kisha Nairobi kuhesabu ndege. Mama nimemwambia nakwenda kupima macho tu. Akauliza, "Kwani una nini machoni?"

Bwana Kahawa Chungu
Na kiwanja?

Mtoto wa Ilemela
Dalali amepiga mara nne tangu asubuhi. Sijapokea.