Fundi anasikiliza mlio wa dashibodi huku gari IMEZIMWA!!!

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Simtaji, mnamjua wote, yule wa "niachie mimi".

Gari yangu inalia tiki-tiki-tiki kwenye dashibodi, upande wa kushoto, karibu na tundu la AC. Nikikandamiza pale kwa kiganja, kimya. Nikitoa mkono, inaanza. Nimemweleza hivyo hivyo. Mtu mzima kainama, kaweka sikio kwenye dashibodi, kafumba macho kama daktari anayemsikiliza mtoto kifua, halafu ananiambia, "Mbona sisikii kitu, bosi?"

GARI IMEZIMWA! Ufunguo nimeushika mimi!

Nikawasha. Akasema ni mlango. Kaufumua mlango usio na kosa lolote, kaurudishia, mkononi kabaki na klipu 4. Namuuliza hizo za wapi? "Hizo huwa zinabaki tu." Zinabaki! Sasa mlango nao unalia. Nilikwenda na mlio mmoja, nimerudi na bendi nzima. Nikipita kwenye tuta hata wafu wanageukia upande wa pili.

Klipu nimesamehe. Kinachoniuma ni lile sikio. Alifumba macho, wakuu!

Bushi Mbovu: Na wewe ukasimama unamtazama? Ningekuwa mimi, alipofumba macho tu ningeondoka na gari, abaki ameinama hewani.

Mzee wa Gia: Mkuu, panapolia ulishapajua mwenyewe, gereji ulifuata nini? Hiyo ni plastiki inasuguana na plastiki. Fungua lile gamba, bandika utepe wa kitambaa kwenye maungio, basi. Mlangoni weka klipu mpya, za zamani zikishakatika meno hazishiki tena.

Mwenye uzi: Sijaomba dawa. Nauliza, nani anasikiliza gari iliyozimwa?

Dada Usukani: Afadhali wako alisikiliza. Wangu nilimwambia usukani unatetemeka nikifika 90, akaniambia nisifike 90. Kumbe ni tairi tu, zilitaka balansi.

Kipisi: Hamjaona kitu. Mimi bati la kukinga joto la ekzosi lililegea, kila nikiwasha linalia chriii. Fundi akalifunga kwa kamba ya plastiki. PLASTIKI, juu ya ekzosi! Iliyeyuka kabla sijafika nyumbani. Nikaja kuweka klampu ya chuma, hadi leo kimya.

Mzee wa Gia: Na wale ambao gari zenu zinalia kokoto-kokoto kwenye mashimo, kabla hamjabadilishiwa shokapu zote, anzeni na linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyoshika fito ya stabilaiza karibu na matairi. Ukiishika kwa mkono ikacheza, ndiyo hiyo.

Mwenye uzi: Alifumba macho kabisa lakini.

Bushi Mbovu: Tumesikia, mkuu. Gari ndiyo haikusikika.

Taa Nyekundu: Mafundi mnawaonea. Wabaya ni abiria. Mtu anabamiza mlango kama analipa kisasi, klipu gani itapona hapo?

Dada Usukani: Halafu anasema "haujafunga vizuri", anaufungua, anabamiza tena!

Kipisi: Shemeji yangu huyo. Mlango wa nyuma anaufunga kwa mguu.

Taa Nyekundu: KWA MGUU? Huyo mfungulie uzi wake, tunakuja.