Tupeane uzoefu: marekebisho ya Katiba ya Marekani yalikukuta wapi?

Mleta mada, Columbus, Ohio
Wakuu, habari za leo. Huu ni mwaka wangu wa 21 hapa. Marekebisho ya Katiba niliyakariri kwa ajili ya usaili wa uraia, ndani ya basi nikienda shifti ya usiku, karatasi mapajani. Enzi zile maswali yalikuwa 100, afisa anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 umepita. Marekebisho mangapi? 27. Nikaapa, nikasahau.

Novemba 2024 nikamsindikiza binti yangu kupiga kura yake ya kwanza. Ukumbi wa kanisa, foleni mpaka kwenye maegesho. Ana miaka 18. Tukiwa tumesimama pale nikaanza kurudi nyuma kichwani. Mwaka 1968 wangemwambia asubiri afike 21. Umri ulishushwa 1971, vijana walipouliza mbona Vietnam wanapelekwa na miaka 18 halafu kura wananyimwa. Kabla ya 1920 angezuiwa kwa kuwa mwanamke. Kabla ya 1870, kwa rangi yake. Na uraia wenyewe aliupata siku aliyozaliwa, kwa Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, mimi mama yake nikiwa na viza ya mwanafunzi tu. Alipotoka na stika ya "nimepiga kura" kifuani sikuweza kusema kitu, nikamshika mkono.

Nani mwingine yamemkuta? Karibuni.

Houston
Dada, mimi niliitwa kwenye juri, lile kundi la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Barua ilipokuja nilidhani nimeshtakiwa! Tulikaa watu 12. Mshtakiwa kijana mdogo, siku mbili hakufungua mdomo. Nilikolelewa mimi, ukinyamaza umekubali kosa. Jaji akatuambia waziwazi: kunyamaza ni haki yake, Marekebisho ya 5, tusiutumie ukimya wake kumtia hatiani. Wakili wake alilipwa na serikali. Baadaye nikasoma kwamba Marekebisho ya 6 yapo tangu 1791, lakini ni mwaka 1963 ndipo Mahakama ya Juu ilipoyabana majimbo yampe wakili mshtakiwa maskini mwenye kesi kubwa, baada ya mfungwa wa Florida, Clarence Gideon, kuiandikia kwa penseli. Penseli, ndugu zangu. Tulijadiliana mpaka jioni, na kila aliyesema "mbona hajajitetea" wenzake walimrudisha kwenye maneno ya jaji.

Minneapolis
Yangu fupi. Maafisa walinigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi wakimtafuta mpangaji aliyehama zamani. Niliongea nao mlango ukiwa umefungwa, nikaomba kibali chenye saini ya jaji. Hawakuwa nacho, wakaondoka. Hayo ni Marekebisho ya 4. Miguu ilinitetemeka saa nzima.

Atlanta
Nawaunga mkono wote, ila yasomeni na ya 13 mpaka mwisho. Yalifuta utumwa 1865, ni kweli, lakini yakaacha mlango: isipokuwa kama adhabu ya kosa alilotiwa mtu hatiani. Mdogo wangu alifungwa miaka mitatu katika jimbo moja la kusini. Alifua na kupika kila siku bila kulipwa hata senti. Colorado walikifuta kipengele kama hicho kwenye katiba ya jimbo lao 2018. Kwa Katiba ya taifa zinatakiwa theluthi mbili katika mabunge yote mawili, kisha majimbo 38 yaridhie. Nimeshamwandikia mbunge wangu mara mbili, na wiki hii naandika ya tatu.