Ushauri: Siku 21 London, Edinburgh, Belfast na Dublin kwa pauni 1,800, zitanitosha?

Mnyaturu99:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nimestaafu mwezi wa 6 baada ya kushika chaki miaka 35. Kabla magoti hayajagoma nataka kutembea Uingereza na Ireland mwezi wa 9. Nafikia London, napanda hadi Edinburgh nikaone chuo alichosoma Baba wa Taifa 1949 hadi 1952, navuka kwa meli kutoka bandari ya Cairnryan, Scotland, kwenda Belfast, nashuka Dublin, narudi London kwa meli ya kupitia Holyhead, Wales. Tiketi ya ndege ninayo. Mkononi nina pauni 1,800. Basi au treni? Na pa kulala pa bei nafuu ni wapi? Sina ndugu huko. Nawasilisha.

Mzee wa Supu:
Kikokotoo cha pensheni kimekupa asilimia 40 tu mkupuo, na hiyo unaipeleka kwa Wazungu! Hela hiyo ni banda la kuku wa mayai. Nina jirani yangu alistaafu akanunua gari, leo anauza magurudumu moja moja.

Binti Pangani:
Baba, basi la usiku London–Edinburgh usithubutu. Nililipanda mara moja, saa tisa na ushee, jirani yangu anamenya mayai ya kuchemsha gizani. Shingo ilikaa upande wiki nzima. Aliyenipa dawa ya kuchua pale kituoni ndiye akaja kunioa. Tumeshaachana, lakini dawa ilikuwa nzuri.

Dada Belfast:
Shikamoo baba. Umefika 60, kwa hiyo nunua kadi ya treni ya wazee, Senior Railcard. Hata mgeni anauziwa, na inakupunguzia theluthi ya nauli. Tiketi kata wiki kadhaa kabla, ukinunua siku ya safari utalia. Lala hosteli, nyingi hazina kikomo cha umri, ila omba kitanda cha chini. British Museum kule London na makumbusho ya taifa ya Edinburgh kuingia ni bure, mchana wako umeisha hapo. Dublin hivyo hivyo. Ukibana, pauni 85 kwa siku zinatosha. Visa ya Ireland umeshapata?

Mnyaturu99:
Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hiyo kadi nimeiandika kwenye daftari. Je, naruhusiwa kubeba unga wa dona kilo tano?

Bongo Lala:
Dona Edinburgh 😂😂 Mzee atasonga ugali hosteli, king'ora cha moto kilie, wazima moto waje na ngazi.

Dada Belfast:
Unga beba. Samli na nyama kavu acha nyumbani, watakunyang'anya. Ila baba, swali langu umeliruka.

Mnyaturu99:
Sikuliruka. Visa ya Uingereza ninayo, ya miezi 6. Ya Ireland sina. Kijana aliyenikatia tiketi aliniambia Belfast hadi Dublin hakuna hata kamba barabarani.

Dada Belfast:
Kamba hakuna, sheria ipo. Belfast ni Uingereza, Dublin ni nchi nyingine. Mpango wa visa moja kwa nchi zote mbili upo, ila ni wa Wahindi na Wachina, sisi hatumo. Polisi wao hupanda mabasi na treni wakauliza pasipoti, nimeona kwa macho yangu mtu anateremshwa. Na ukirudishwa, fomu nyingi za visa utakazojaza baadaye zinauliza: umewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote? Ishia Belfast, utakuwa umeiona Ireland.

Mnyaturu99:
Siwezi kuishia Belfast. Nilipokuwa na miaka tisa mguu wangu wa kushoto ulioza, nikapelekwa hospitali ya misheni ya Makiungu, Singida, wakasema ukatwe. Sista mmoja Mwairishi akakataa. Alinisafisha kidonda asubuhi na jioni, miezi minne, huku ananifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa za dawa. Sasa yuko Drogheda kwenye nyumba yao ya watawa, amepita 90. Treni ya Belfast inasimama hapo hapo. Na tiketi nimeshalipia, hairudishwi. Nani atamsumbua mzee mwenye mvi?

Mzee wa Supu:
Miaka 35 unachapa watoto kwa kuruka uzio, leo unauruka wewe. Omba visa, yuro 60. Sogeza safari hadi mwezi wa 11.

Mnyaturu99:
Mwezi wa 11 yeye atakuwepo?

Binti Pangani:
Hapa nimeshindwa kuchapa 😢

Chokonoa:
Futeni machozi, mnapigwa chai ya maziwa. Nimeingia kwenye nyuzi zake za zamani. Machi mwaka jana ID hii hii: "Wakuu niko mwaka wa pili chuo Dodoma, demu ana mimba ya miezi mitano, mshua ni mwalimu mkali, nifanyeje?" Leo amekuwa mstaafu wa miaka 60 na sista wa Drogheda. Na hiyo 99 ni nini, uzito?

Bongo Lala:
Chai na maandazi juu.

Mzee wa Supu:
Nami nimepoteza bando langu kumshauri mtoto!

Mnyaturu99:
Simu hii ni ya kijana wangu, aliniachia aliponunua nyingine, na huku ndani nilikuta pako wazi. Amezaliwa 1999. Mimba gani?

Chokonoa:
...

Dada Belfast:
Chokonoa, umeona sasa?

Mnyaturu99:
Naomba mniwekee huo uzi niusome.

Bongo Lala:
Mods, fungeni hapa haraka.

Binti Pangani:
Baba, pokea kwa moyo mkunjufu. Machi mwaka jana miezi mitano, hesabu mwenyewe, mjukuu wako anatembea sasa hivi.

Mnyaturu99:
Nimeuona. Kumbe mtoto alizaliwa mwezi wa 7, wa kike. Ameandika kwamba amempa jina la mama yangu. Dada Belfast, hiyo visa ya yuro 60 inaombwaje, nielekeze taratibu. Ngoja kwanza nimpigie huyu.

Mzee wa Supu:
Usimfokee.

Mnyaturu99:
Hapokei.