Daftari la PCB la Julai 1: transfoma moja ya Pyranol na pipa moja la mafuta, tunawajibika?

Fundi_Gridi

Wakuu, salaam. Nauliza walio kwenye matengenezo ya viwanda huku Marekani na wanaozijua kanuni za EPA (shirika la mazingira la Marekani) za PCB, zile kemikali za klorini zenye sumu kwenye mafuta ya transfoma za zamani; kanuni zenyewe ni za 40 CFR 761.

Tulivyonavyo: transfoma moja ghorofa ya chini kabisa, kibati chake kimeandikwa Pyranol, galoni 200, bado inafanya kazi. Transfoma mbili za nje juu ya zege, za mwaka 1974, vibati vinasema mafuta ya madini, hazijawahi kupimwa. Kapasita kubwa 22 ziko kwenye laini. Halafu kuna pipa la galoni 55, limejaa mafuta yaliyotolewa Oktoba mwaka jana kwenye transfoma iliyobadilishiwa mafuta. Maabara ilisoma PCB 180 ppm (sehemu kwa milioni).

Bosi anasema daftari la mwaka, lile la kuorodhesha PCB zilizopo na zilizotolewa, halituhusu: kapasita hazifiki 50, na PCB iliyomo kwenye pipa ni gramu 33 tu wakati kiwango ni kilo 45. Yuko sahihi? Na kama linatuhusu, linatumwa wapi?

Kipimo50

Hayuko sahihi. Kifungu 761.180(a) kinataja vigezo vitatu, na kimoja tu kinatosha: kilo 45 au zaidi za PCB ndani ya mapipa na vyombo vingine, transfoma moja ya PCB, au kapasita kubwa 50 za PCB. Bosi amevisoma kana kwamba ni lazima vitimie vyote. Pyranol ni mafuta ya askareli (mafuta ya transfoma yaliyotengenezwa kwa PCB) yaliyouzwa na General Electric, kama Inerteen ilivyokuwa ya Westinghouse. Hiyo ni transfoma ya PCB, yaani 500 ppm kwenda juu. Hiyo peke yake inawaingiza.

Pipa nalo linawaingiza. Hesabu ya gramu 33 ameipata kwa kuzidisha kilo 183 za mafuta (lita 208 mara 0.88) kwa 180 ppm. Kihesabu iko sawa, kikanuni sivyo. Kwa tafsiri ya 761.3, PCB ni kemikali yenyewe pamoja na mchanganyiko wowote wenye kemikali hiyo. Mafuta yakishavuka 50 ppm, mnaandika uzito wa mafuta yote. Pipa lenu ni kilo 183, zaidi ya mara nne ya kiwango.

Uzito wa Pyranol uwe na hadhari nao. Askareli ni nzito kuliko maji, takriban kilo 1.5 kwa lita, kwa hiyo galoni 200 ni karibu kilo 1,130. Wengi wanatumia 0.88 ya mafuta ya madini kwa kila kitu, wanaandika kilo 666, halafu siku mzigo unapopandishwa kwenye mizani ya mteketezaji, manifesti (hati ya kusafirishia taka) na daftari vinapishana kwa kilo mia kadhaa. Mkaguzi akiona hivyo, swali la kwanza ni mafuta mengine yameenda wapi.

Saketi_Wazi

Msisahau kulituma EPA kabla ya Julai 15, tarehe imekaribia.

Stoo_Kavu

Hapana ndugu, hizo ni nyaraka mbili tofauti. Ripoti ya Julai 15 ni ya wanaohifadhi na kuteketeza taka za PCB kibiashara. Daftari la mwenye kiwanda linatakiwa liwe tayari ifikapo Julai 1, likihusu Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita, na halitumwi popote. Linakaa kiwandani, na mkaguzi akija saa za kazi anawekewa mezani. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba Julai 1 hiyohiyo ndiyo tarehe ya ripoti za TRI za kemikali zenye sumu, na hizo zinatumwa kweli.

Kwa Fundi_Gridi: juu ya daftari weka jina la kiwanda, anwani, namba ya utambulisho ya EPA na mwaka. Zinafuata namba za manifesti zote za mwaka huo. Baada ya hapo kila kitu kilichotolewa kazini kiwe na mstari wake. Wa pipa lenu ungekuwa hivi:

Pipa 03 | mafuta ya madini, 180 ppm | kilo 183 | tarehe ya kwanza kutiwa mafuta | tarehe ya kupakiwa: bado | tarehe ya kuteketezwa: bado

Transfoma au kapasita ikitolewa, badala ya namba ya pipa unaandika namba ya kiwandani, na badala ya tarehe ya kutiwa unaandika tarehe ya kutolewa kazini. Mwishoni kuna jumla za Desemba 31: transfoma za PCB zilizobaki kazini ni ngapi na zina kilo ngapi, kapasita kubwa ni ngapi, vyombo vina kilo ngapi. Kapasita zenu 22 zinaonekana hapo hata kama hazifiki 50, maana mkishaingizwa na kigezo kimoja mnajaza vyote.

Pipa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko daftari. Mwaka mmoja unahesabiwa tangu siku mafuta yalipotolewa, na ndani ya mwaka huo yawe yameteketezwa. Kuondoka getini hakutoshi. Mkilipeleka Septemba kwa ajili ya Oktoba, mteketezaji akiwa na foleni, mmechelewa. Kanuni inachukulia kwamba mwenye taka ana miezi 9 ya kuikabidhi, na mteketezaji anabaki na mitatu. Akishamaliza ana siku 30 za kuwatumia cheti cha uteketezaji. Mliikabidhi ndani ya miezi 9 na mwezi wa 13 ukafika bila cheti? Mnamwandikia mkurugenzi wa kanda wa EPA ripoti ya kuchelewa. Cheti kikifika, bandika pamoja na manifesti yake. Na msafirishaji akiwa ni kampuni ya tatu, mpigie simu mpokeaji kuthibitisha mzigo umefika, na simu hiyo iandikwe pia. Wengi wanapiga, hawaandiki.

Jingine: pipa likikaa kwenu zaidi ya siku 30 linahitaji stoo inayokidhi masharti. Paa na kuta za kuzuia mvua, sakafu isiyo na bomba la kutolea maji, ukingo wa sentimita 15 usiokatika kuizunguka, na nafasi ya kuzuia mara mbili ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote au robo ya ujazo wote, lipi liwe kubwa. Ukaguzi wa uvujaji kila siku 30. Mkiwa na stoo ya namna hiyo mnapaswa kuwa mlishaitaarifu EPA kwa fomu 7710-53, na ndipo namba ya utambulisho inapotoka. Kama hamna namba, anzeni hapo.

Fundi_Gridi

Asanteni sana wakuu. Zile mbili za 1974 nazo ziingie kwenye jumla? Na daftari za zamani tunatunza miaka mitatu, si ndiyo?

Kipimo50

Za 1974: mafuta ya madini, zimetengenezwa kabla ya Julai 2, 1979, hazijapimwa. Zikiwa kazini mnaruhusiwa kuzichukulia kuwa kati ya 50 na 499 ppm, na za kundi hilo haziingii kwenye jumla ya transfoma za PCB. Ruhusa hiyo ni ya matumizi tu. Siku ya kuzitupa lazima mjue kiasi halisi.

Mkipima mkakuta 500 au zaidi, saa inaanza kukimbia: lebo ya njano ndani ya siku 7, zimamoto wa eneo wajulishwe ndani ya siku 30, na EPA isajiliwe ndani ya siku 30 hizohizo. Ile ya Pyranol ilipaswa kusajiliwa kufikia Desemba 28, 1998. Tafuteni nakala ya usajili kabla mtu mwingine hajaiuliza. Kipimo cha haraka cha chupa kinasoma klorini yote, si PCB peke yake, kwa hiyo chumvi ya jasho la mkono inaweza kukupa jibu baya la uongo, yaani PCB ipo wakati haipo. Likitoka baya, peleka sampuli maabara.

Miaka mitatu inaanza kuhesabiwa pale kiwanda kinapoacha kabisa kuwa na kiasi kinachowaingiza kwenye kanuni. Maadamu Pyranol iko chini pale, hakuna daftari la kuchanwa, hata la miaka ya 1990. Kumbukumbu za ukaguzi wa transfoma yenyewe (kwa kawaida kila miezi mitatu: tarehe, aliyekagua, panapovuja, kiasi kilichomwagika, tarehe ya kusafisha) zinatunzwa hadi miaka mitatu baada ya transfoma kuteketezwa. Ikivuja, usafi uanze ndani ya saa 48.

Volti_Dar

Huku nyumbani vipi? Tanzania tunabanwa na hizo fomu?

Stoo_Kavu

Fomu hizo ni za Marekani peke yake. Tanzania na Kenya zimo kwenye Mkataba wa Stockholm, zote zimeuridhia 2004, ilhali Marekani imesaini bila kuridhia. Mkataba unataka vifaa vyenye PCB viondolewe kazini ifikapo 2025 na taka zake zishughulikiwe ifikapo 2028, na kila nchi itoe taarifa ya maendeleo kila miaka mitano. Mpaka wa chini ni ule ule wa 50 ppm, kwa kifaa chenye zaidi ya lita 0.05 za mafuta. Taarifa ya nchi inajengwa na orodha za wenye vifaa, kwa hiyo kwenye karakana yenu anzeni na namba ya kifaa, mwaka, mtengenezaji, lita, matokeo ya kipimo na mahali kilipo. Na pampu ya kuchujia mafuta iliyopita kwenye transfoma yenye PCB isipelekwe kwenye safi, kwani mabaki kwenye mpira na chujio yanatosha kuipandisha iliyokuwa salama.