Mnaosoma Ujerumani wikendi mnatokaje? Naomba ushauri

kyela_dresden:
Wakuu habari za majukumu. Nipo Dresden nasoma masta ya mambo ya maji. Jumatatu mpaka ijumaa sina shida, lekcha, maabara, maktaba, siku inaisha. Kasheshe ni wikendi. Jumapili maduka yote yamefungwa, wajerumani wa hosteli yetu ijumaa jioni wanabeba mabegi wanaenda kwao, koridoni unasikia friji tu linanguruma. Nabaki kulala, kuangalia mpira kwenye strimu inayokatakata na kupiga simu nyumbani mpaka mama anauliza mwanangu kuna tatizo gani.

Halafu hela. Akaunti ya viza, ile iliyofungia hela zangu, inaachia yuro 992 kwa mwezi, toa kodi, bima, chakula, na kuna mdogo wangu namlipia ada, kwa hiyo nikitoka kula bata naona kama namdhulumu. Nikiweka picha stetasi nimekaa sehemu nzuri, jioni inboksi imejaa shida za watu. Jamaa mmoja ananishauri nijaze wikendi zote na boksi, yaani kibarua cha ghalani. Wenye uzoefu nisaidieni, mnaenda wapi na hili la nyumbani mnalibebaje?

DadaWaElbe:
Pole mdogo wangu, hayo ya koridoni nayajua. Kwanza angalia kama chuo chenu kimeingiza tiketi ya nchi nzima kwenye ada ya muhula, vyuo vingi vimeshaingiza. Kama unayo unapanda treni za mjini na za mikoani (S-Bahn, RB na RE) kote Ujerumani huongezi senti. ICE na IC, treni za kasi za masafa marefu, usiguse, ukikamatwa huna tiketi yake faini inaanzia yuro 60.

Sasa toka hapo Hauptbahnhof, stesheni kuu, chukua S1, inafuata mto Elbe mpaka Kurort Rathen. Ukishuka unavuka Elbe na kivuko hakina injini kabisa, kimefungwa kwenye kamba ndefu iliyotiwa nanga mtoni, nahodha anakigeuza kidogo tu na mkondo wenyewe unakisukuma ng'ambo, wewe mtu wa maji utakaa hapo unakiangalia mpaka uchoke. Kisha unapanda mpaka daraja la Bastei, la mawe, la mwaka 1851, mto unauona chini karibu mita 200. Kupita darajani hakuna kiingilio. Beba chapati na mayai ya kuchemsha maana chakula cha kule juu ni cha bei ya watalii.

MzeeWaGhala:
Kijana boksi lipo na hela ipo ila kuwa makini. Mwanafunzi wa kutoka kwetu anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, sasa ukipiga jumamosi na jumapili zote halafu likizo ukaingia fultaimu, unazipita, na siku ya kurenew kibali wanahesabu. Mimi nashauri jumamosi kazi, jumapili pumzika. Hayo ya milima subiri umalize shule.

DadaWaElbe:
Mzee wangu shikamoo, hapo kwa kusubiri sikubaliani na wewe. Mwezi wa 12 jua linazama saa kumi jioni, mtu ametoka ghalani anaingia chumbani peke yake, wiki hadi wiki, nimeona watu wanaanza kuacha hata mitihani. Kyela, ada ya mdogo wako itenge siku ileile hela inapoingia kabla hujanunua hata mkate. Ikishatoka hiyo, kinachobaki ni chako, hujamdhulumu mtu. Na stetasi wafiche wale unaowajua, mama mtumie picha yeye mwenyewe, atafurahi kuona mwanae anatoka.

mmakonde_berlin:
Ukija Berlin nenda makumbusho ya Naturkunde, ya viumbe na asili, ukamuone mjusi wetu, yule dainosari wa Tendaguru, Lindi. Mita 13.27 kwenda juu! Walimchimba kati ya 1909 na 1913, na babu zetu ndio walibeba ile mifupa kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Mimi kwetu ni kulekule, nilisimama pale chini nikakosa la kusema, nikampigia bibi video akamuona. Onyesha kitambulisho cha mwanafunzi upunguziwe kiingilio. Na jiandikishe michezo ya chuo, bei ni ya wanafunzi, nilianza voliboli na waliokuja kunialika kwao krismasi ni wale wa voliboli.

kyela_dresden:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimecheki kadi, tiketi ninayo kumbe. Voliboli siwezi ila mpira naweza. Na Praha vipi, ni karibu, kibali changu cha hapa kinatosha?

mmakonde_berlin:
Kinatosha, Czech ipo Schengen, zile nchi za viza moja, beba pasipoti na kadi ya ukaazi zote mbili. Ila kwenye treni angalia tiketi yako inaishia wapi, mpakani inakatika.

DadaWaElbe:
Praha baadae, anza na Rathen. Jumamosi hii tunaenda watu kadhaa, kuna mkenya mmoja na dada wa Bujumbura. Saa mbili asubuhi chini ya kuba pale Hauptbahnhof. Vaa viatu vya kushika, mawe yanateleza. Chapati nitapika mimi, wewe leta chai kwenye chupa.

kyela_dresden:
Nipo dada. Ya tangawizi au ya maziwa?