Mrejesho: taa za gari langu, Toyota IST

Wakuu, niliwauliza nifunge balbu za LED au HID (zile za xenon) kwenye IST maana usiku Chalinze–Morogoro nilikuwa sioni kitu. Nilianza na LED, nyeupe kweli ila mwanga ukatawanyika hovyo, kila ninayepishana naye ananiwashia full kulalamika, maana riflekta ya IST (kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga) ni ya balbu za haloji bwana. Nikazitoa. Fundi akasugua vioo vya taa vilivyofubaa na msasa wa maji, namba 800, 1500 halafu 2000 iliyo laini zaidi, maji ya njano yakawa yanachuruzika mpaka kwenye bampa, akafunga balbu mpya za haloji za H4, 60/55W (full/dim), na rilei (swichi ya umeme) yenye waya nene kutoka betri, tukaseti mwelekeo wa mwanga kwa kuumulika ukutani. Juzi nimemuona mwenye baiskeli isiyo na taa mapema kabisa. Asanteni sana mlionishauri nianze na vioo.